Neno Kausha

Maabara nzima ilimwita Mama Kibano, kwa kuwa kibano kilikuwa hakimtoki mkononi. Kazi yake ilikuwa kupima kama dawa ya kuua bakteria, mbuzi akishadungwa, inafika kwenye utando laini wa ndani ya utumbo, wanakojificha wadudu wale, au inaishia kwenye damu tu. Ukikosea hapo, dozi inapangwa ndogo na mifugo ya watu inakufa huku imetibiwa.

Siku hiyo mkuu wa maabara alikuwa akicheka mpaka jino la mwisho. Majibu ya vipimo yalikuwa juu ajabu: dawa ilikuwa imejaa utumboni. Mama Kibano alipoyatazama, hakuyaamini. Akamfuata shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mzima na mvi zake, ambaye Mama Kibano ndiye aliyemwombea kazi pale. Alimkuta akiosha vyombo.

"Shemeji, vile vipande vya utumbo wa mbuzi nilivyokwambia ukaushe, ulivikaushaje?"

"Kwa oveni, shemeji. Vikakauka kau."

Mama Kibano akaelewa. Kwao pale, kukausha ni kugusisha karatasi tu, damu ya juu itoke. Kipande kikiingia oveni maji yanapotea, uzito unashuka, na dawa ile ile, ikigawanywa kwa uzito huo mdogo, inaonekana imejaa tele. Yeye hakufafanua, na shemeji, kwa kuogopa kuonekana mshamba, hakuuliza.

Akisema, shemeji atafukuzwa, na ukweni atatazamwaje? Akinyamaza, dozi itatoka na uongo wake. Aliogopa, tena sana. Ng'ambo ya ukuta mkuu alishaanza kupiga simu za kujisifu.

Akaingia ofisini kwa mkuu, akayasema yote kwa pumzi moja, ila jina la shemeji. Mkuu akaweka simu chini, uso umemshuka, akauliza nani aliyetia vipande kwenye oveni. Mama Kibano alifungua mdomo ajitwishe mzigo, lakini shemeji alikuwa keshafika mlangoni, mikono inachuruzika maji.

"Ni mimi. Niliambiwa kausha, nikakausha."

Mkuu hakumfukuza. Alisema tu kazi irudiwe kesho, wachinjwe mbuzi waliobaki. Shemeji alikuwa amejiandaa kwa lolote isipokuwa hilo. Mbuzi wale yeye ndiye aliyekuwa akiwalisha, na jana tu aliwatania kwamba wamenusurika.

Jioni alibeba ndoo ya pumba hadi bandani. Mbuzi waliposikia mlio wa ndoo, wakamkimbilia wote.