Namba Aliyotumiwa Baba

Mchwa wa Ipole, kijijini kwetu, hawachagui. Walipoingia kwenye sanduku la baba walianza na vyeti vya ubatizo, wakaendelea na albamu ya harusi, wakatubakizia jalada la plastiki. Siku ile niliapa kwamba picha ya mama ninayoipenda kuliko zote, niliyompiga kwa simu akicheka mlangoni na sega la asali mkononi, nitaiweka mahali ambapo mchwa hafiki. Nitaiweka mtandaoni.

Kupata kampuni ya kuaminika ya kunihifadhia picha kulinisumbua kuliko kupata mchumba. Wa kwanza walikuwa wa bure, wakafunga duka bila hata kuaga. Wa pili walitaka kadi ya benki kabla hawajanijibu salamu. Wa tatu waliahidi kunitunzia milele, ila chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi, walieleza kuwa milele hukoma mteja akikaa sana bila kuingia. Nikawachukua hao. Mababu zetu Wanyamwezi walibeba mabegani pembe za ndovu za watu wengine hadi pwani. Mimi nikawa wa kwanza katika ukoo kumtwisha mgeni mzigo wangu, tena mgeni nisiyemjua hata sura.

Wakataka namba ya simu ya kunitambua nikipotea. Mimi hubadili laini kila inapotoka ofa. Baba ana namba ileile tangu anunue simu yake ya kwanza, na huizima kanisani tu. Nikaandika ya baba.

Kisha mama akafariki, na simu yangu nayo ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Tulipopanga ibada ya kumbukumbu, baba alitaka picha moja tu, ile ya kucheka. Kwenye nyingine zote mama anaitazama kamera kana kwamba ni askari aliyekuja kumkamata.

"Ukileta hizo," baba alisema, "watu watadhani nilimwoa kwa nguvu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilipofika kwangu mjini, Ipuli, nikagundua kuwa neno la siri nimelisahau. Wale wa milele wakasema wametuma namba kwenye simu niliyoandikisha, niitumie ndani ya dakika kumi. Kwa simu yangu mpya nikampigia baba kule Ipole.

"Shikamoo baba. Kuna namba imeingia kwenye simu yako..."

"Marahaba. Mmeamkaje huko?"

Tumeamka salama. Akauliza watoto, wakwe, mvua, mahindi. Akahamia Kinyamwezi, ambako salamu hazina njia ya mkato. Tulipofika kwa ng'ombe wa jirani, namba ilikuwa imeshakufa.

Nikaomba nyingine, nikapiga, na safari hii nikaanza na shida yangu. Kosa kubwa. Kwa baba, mtu anayeruka salamu na kuulizia namba ni tapeli, na ujumbe wenyewe ukamuunga mkono.

"Imeandikwa hapa: usimpe mtu yeyote namba hii."

"Baba, ni mimi mwanao!"

"Wote husema hivyo," akasema, akakata.

Nilikasirika, sijui zaidi kwa nani. Kesho yake nikapanda basi kwenda Ipole kuthibitisha kwamba mimi ni mimi.

Nilimkuta uani. Nikamwamkia, nikajibu habari zote mpaka za ng'ombe, nikanywa na uji. Ndipo nikaomba namba. Ilipoingia aliivalia miwani, akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, kama anasoma Maandiko mbele ya usharika. Nikaziandika kwenye simu yangu, mlango wa hifadhi ukafunguka. Tukapita kwenye risiti, sahani za chipsi na magari ya watu, mpaka tukamfikia mama.

Baba alifuta kioo cha simu yangu kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi. Mimi nililia.

"Kwa hiyo bila simu yangu, huyu hatoki?" aliuliza.

"Hatoki, baba."

"Na siku mimi sipo, watatuma wapi hiyo namba?"

Nilikuwa nimesoma masharti ya kampuni tatu, na swali hilo sikuwahi kulikuta.

"Watatuma hapo hapo," nikasema.

Akairudisha simu yake kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Basi mnizike nayo, imejaa chaji. Lakini mkipiga, salamu kwanza."