Posa ya Mdakaji wa Evere

Tonton Hervé ameozesha wasichana kumi na tisa katika jiji la Brussels, na kati yao ni mmoja tu aliyewahi kurudi kwao, naye alirudi kuchukua mashine ya kufulia. Siku za kazi hutengeneza lifti. Hutia grisi, hukaza nati, hushuka, na watu wanaopandishwa na jasho lake hawajui hata jina lake. Jumamosi huvaa koti la kijivu na kuwa mtu mwingine kabisa: msemaji wa familia. Mzazi yeyote wa Katanga mwenye binti wa kuolewa, kuanzia Evere hadi Matonge, humpigia Hervé kabla ya kumpigia padri. Padri hubariki tu. Hervé ndiye anayepatana.

Kazi hiyo aliirithi Likasi, mji wa kwao, kwa mjomba wake, pamoja na sheria zake. Anayekuja kuposa hakai mpaka aambiwe. Vitu vya liste, orodha ya mahari, huletwa, hukaguliwa kimoja kimoja, lakini chakula hakiguswi mpaka binti atolewe chumbani na kuulizwa mbele ya watu: tukule? Akisema kuleni, ameolewa. Mtu wa nyumba akitia kitu mdomoni kabla ya hapo, amekwisha kumtoa binti bila ridhaa yake, na hiyo ni aibu ya kuhama nayo mtaa.

Mwezi wa tano dada yake Alphonsine, msusi wa Galerie d'Ixelles, alimpigia simu huku kichwa cha mteja kikiwa magotini pake.

"Yaya," alimwita, kama kwao wamwitavyo kaka, "ukuye pa nyumba. Kuko muzungu anataka kubeba mutoto."

"Keren? Si eko na seize ans, myaka kumi na sita tu?"

"Hapana Keren. Noé."

Hervé aliweka spana chini. Katika ndoa kumi na tisa hilo lilikuwa halijamkuta. "Bon," alisema. "Fasiria polepole."

Noé ni kifungua mimba wa Alphonsine, ana miaka kumi na minane, na anacheza besiboli. Hakuna aliyepanga hivyo. Ubelgiji shule hufungwa Jumatano mchana, mama alikuwa na vichwa vya kusuka, na klabu ya mpira wa miguu ilikuwa na orodha ya kusubiri ndefu kuliko ile ya nyumba za serikali. Klabu ya besiboli ya pale Evere haikuwa na orodha. Ilikuwa na watoto saba na ilihitaji tisa. Wakampa Noé kofia ya chuma na glavu nene kama mto, wakamwambia achutame nyuma ya mpigaji adake kila kinachorushwa. Akachutama miaka kumi. Mdakaji ndiye mchezaji pekee anayewatazama wenzake wote usoni. Hupanga, huonya, hutania, hutukana kwa lugha nne. Nyumbani Noé alikuwa kimya kama sufuria iliyofunikwa. Pale chini alikuwa meya.

Sasa kukaja habari mbili kwa mpigo. Chuo kimoja cha Iowa, Amerika, kilimwandikia barua: aje asome na kudaka, karo juu yao. Alphonsine alitafuta Iowa kwenye simu, akaona mahindi mpaka mwisho wa dunia, akatulia: penye mahindi bukari, ule ugali wa kwao, haikosi. Halafu akaja Bwana Geert wa Antwerpen, msaka vipaji wa timu moja kubwa ya kulipwa ya hukohuko Amerika. Yeye alitaka saini, dola elfu thelathini mkononi, na jambo moja dogo: kijana aache kudaka awe mrushaji, maana mkono kama ule, alisema, ni dhambi kuukalisha chini. Na habari hizo mbili hazikuoana. Ukitia saini kwa pesa, timu za vyuo hazikupokei tena. Ilibidi achague kufikia Jumatatu.

Alphonsine alitaka chuo. Mumewe, Papa Numbi, alitaka saini, na hapo ndipo watu waliposhangaa, maana Papa Numbi ni licencié, mhitimu wa uchumi wa chuo cha Lubumbashi, na diploma yake imetundikwa sebuleni juu ya televisheni.

"Diploma tuko nayo," alikuwa akisema mtu huyo, ambaye mchana hupanga makatoni kwenye ghala. "Iko ku mur. Uiulize inatuletea nini."

"Inaleta heshima."

"Heshima hailipi chauffage ya kupasha nyumba moto."

Wiki mbili walibishana hivyo, kila mmoja akimwita Noé kama shahidi. Kila Noé alipofungua mdomo, jibu lilikuwa limekwisha kutolewa kwa niaba yake.

Hervé alisikiliza yote hayo, akaona kila kitu kimenyooka. Mgeni anakuja kuchukua mtoto. Ana bahasha. Ana karatasi. Mtoto akichukuliwa atavaa jina la ukoo wao kifuani.

"Alphonsine, hii mambo ninaijua. Ni mariage."

"Ni baseball, yaya."

"Alete liste kama bengine."

Liste ilitumwa. Keren, mdogo wake Noé anayesoma Kiholanzi shuleni, aliitafsiri kwa mkono wake: suti mbili za baba, wax, kitenge cha mama, yadi sita mara mbili, blanketi la nyanya, kilo kumi za chumvi, jembe moja, mbuzi mmoja. Mtu mwingine angepiga simu polisi. Lakini Geert alikuwa amesajili vijana Curaçao na Jamhuri ya Dominika, na alikwisha kujifunza kwamba kila nyumba ina ushuru wake. Aliuliza swali moja tu: mbuzi awe hai?

Jumamosi saa nane mchana alitoka kwenye lifti ya ghorofa ya nne akiwa na suti mkono huu, jembe mkono ule likiwa bado na bei yake, akisukuma kwa mguu vingine vyote na mbuzi kwenye kisanduku cha barafu, amekatwa vizuri vipande vipande. Hervé aliisikiliza kwanza ile lifti, hakuipenda sauti yake, kisha akamwacha mgeni asimame koridoni nusu saa kamili. Jirani mmoja alipita akamuuliza Geert kama yeye ndiye mtunza bustani mpya.

Ndani kulikuwa na tatizo la haki. Wachumba walikuwa wawili, na mmoja yuko Iowa. Hervé hakuwahi kuhukumu upande mmoja, kwa hiyo alimpa ile barua Tantine Jémima, dada wa Papa Numbi, anayehudumia wazee katika nyumba yao ya kulelea, akamwambia aisemee Iowa. Tantine akachukua kiti chenye mto.

"Geert anasimama, wewe unakaa?" Papa Numbi alilalamika.

"Iowa imetoka mbali," alisema Tantine.

Noé alifungiwa chumbani, kama ipasavyo. Mgeni aliingizwa, mbuzi akapelekwa jikoni kukaguliwa, na Hervé akasafisha koo.

"Keren, umuulize: eko na bengine ngapi?"

Keren aliuliza, akasikiliza, akageuka. "Anasema cent quatre-vingts. Bachezaji mia na themanini."

"Bibi cent quatre-vingts," Tantine Jémima alisema kutoka Iowa. "Hata ba chefu ba kwetu banachokaka ku douze."

"Na ku nyumba kubwa, équipe yenyewe ya juu, banafikaka ngapi?" Hervé aliuliza.

"Dix," Keren alifasiri. "Kama mwaka ni muzuri."

Papa Numbi, aliyekuwa ameanza kumtazama Geert kama mkwe, alirudisha mgongo kwenye kiti. Alikuwa msomi wa uchumi; kwa kumi juu ya mia na themanini hakuhitaji kalamu.

"Bon. Na bakimuchoka? Kwetu, bwana akichoka bibi anamurudisha kwabo muchana, bantu banaona. Hamuache pa njia."

Geert alisema watamkatia tiketi ya ndege.

"Ya muchana?"

Geert alisema wanaweza kuangalia.

"Alors, masomo. Mu mariages yote dix-neuf niliuliza hii, na nitaiuliza mpaka nikufe. Mutoto ataisha masomo?"

Hapo Geert alijikuna shingo. Keren alimsikiliza mara mbili, uso ukambadilika. "Anasema kuko article mu contrat. Siku Noé anaacha kucheza, banaweza kumulipia unif, chuo kikuu, myaka ine. Anasema hakusema juu hakuna mwenye alimuuliza."

Sebule ilichemka. Wiki mbili za ugomvi, na ilikuwa ni kuuliza tu. Papa Numbi alisimama kama mtu aliyefunga bao. Alphonsine alitafuta pa kushika, akaishika Iowa.

"Na wewe, Iowa," Hervé alimgeukia Tantine, asije akasemwa ana upendeleo. "Uko na bengine ngapi?"

Tantine alipekua. "Trente-quatre. Thelathini na ine."

"Na mutoto akivunja mukono?"

Alisoma kimya, midomo ikicheza. "Bourse, ile karo, inaangaliwa upya kila mwaka."

"Kila mwaka?" alisema Alphonsine. "Hii hawakuniambia."

"Iko page deux, ya pili."

"Page deux njo banafichaka mambo."

Kwa hiyo wachumba wote wawili walikuwa na madoa, kama wachumba wote. Geert aliomba kutoka nje kwenye roshani awapigie wakubwa wake simu kuhusu kile kifungu cha masomo, na kikao kikapumzika. Alphonsine alirudi jikoni. Tangu saa tano nyumba ilikuwa imejaa watu wasiokula, barafu ya mbuzi ilikuwa inayeyuka, na mikono ya mama haijui kutazama nyama ikiyeyuka. Alikuwa amekwisha kuitia sufuriani na vitunguu. Hervé alipita kunywa maji. Kifuniko kilikuwa wazi. Alichukua ubavu mmoja, mdogo, kuangalia chumvi tu.

Geert alirudi na neno: wakubwa wamekubali, masomo yataandikwa. Noé akaitwa.

Alitoka na shati alilopigiwa pasi na mama yake, urefu wake ukijaza mlango. Hervé akaikunjua sauti yake ya Likasi.

"Noé, mutoto wetu. Huyu bwana alileta bintu. Sisi hatujagusa. Tukule?"

"Naweza kuuliza kwanza, tonton?"

"Bibi arusi haulizake."

"Mi siko bibi arusi."

Hoja hiyo ilionekana kuwa na uzito, akaruhusiwa. Noé alimgeukia Geert, akatumia Kiingereza cha uwanjani, na kwa mara ya kwanza watu wa nyumba ile wakaisikia sauti ambayo warushaji na wapigaji wa Evere wanaijua. Alimuuliza kama wanaweza kumwacha adake. Geert, mtu mkweli, alisema hapana. Walikuwa na wadakaji wa kutosha. Walitaka mkono.

Noé alitikisa kichwa, akamrudia mjomba wake.

"Basi, tonton, musikule."

"Unaacha trente mille dollars," Papa Numbi alisema taratibu, "juu ya kuchutama?"

"Ee, papa. Murushaji anacheza leo, anapumzika siku ine. Mi nataka kuwa pale kila siku, niwaone wote. Iowa banataka mudakaji. Bakinitosha, bakinifukuza mwaka ujao, nitarudi, muchana."

Papa Numbi alikaa. Akaangalia ukutani, juu ya televisheni. "Mi nilitaka géologie," alisema. "Économie, baba mudogo njo alichagua, juu alikuwa analipa." Halafu akamgeukia mwanawe: "Hakuna mwenye aliniulizaka tukule."

Alphonsine, aliyekuwa ameshinda, hakujua afanye nini na ushindi wake, akamkung'uta mwanawe vumbi lisilokuwepo begani.

Ni Tantine Jémima aliyenusa. "Kama hatukule," alisema, "ile harufu ni ya nini?"

Wote wakageuka jikoni. Kisha wakamgeukia Hervé, ambaye kidole gumba chake kilikuwa kinang'aa mafuta.

"Yaya," Alphonsine alinong'ona. "Ulikula?"

"Nilionja chumvi."

"Mfupa uko wapi?"

Mfupa ulikuwa mfukoni mwa koti la kijivu, umefungwa kwa karatasi ya jikoni. Kumbe kwa sheria ya Likasi Noé alikuwa mali ya timu ya kulipwa tangu dakika kumi zilizopita, na aliyemtoa ni mlinzi wa sheria mwenyewe. Noé aliacha kutabasamu. Alimjua mjomba wake: mtu aliyewahi kuirudisha harusi nzima nyumbani kwa sababu ya kreti moja ya soda.

Hervé alisimama katikati ya sebule, ameinamisha kichwa, kwa muda ambao lifti ingeshuka na kupanda mara mbili. Kisha akainua kidole kilekile chenye mafuta.

"Mbuzi ni ya nani?"

"Ya Geert," alisema Keren.

"Geert alikula?"

"Bado."

"Donc, atakula wa kwanza. Mwenye mbuzi akikula mbuzi yake, mbuzi imerudi kwake. Sisi tutakula nyuma, sisi beni, bageni wake. Muntu hapewe bibi juu ya kualika bantu chakula."

Hakuna aliyewahi kusikia sheria hiyo, wala hakuna aliyeipinga. Ilikuwa saa kumi na moja. Keren alimfasiria Geert, ambaye alikuwa amenusa vitunguu saa nzima na hakuwa na swali. Alinawa, akakaa kwenye kiti chenye mto, Tantine akiwa amekihama kwa hiari, akapewa bukari na sombe ya majani ya muhogo na mnofu wa nyama. Alimega tonge kubwa mno, nusu yake ikamwangukia kwenye tai. Sebule nzima ilimtazama akitafuna. Alipomeza, Hervé alitazama saa kama refa, na mikono kumi na miwili ikaingia kwenye sinia.

Suti, wax, blanketi, chumvi na jembe vilirudishwa koridoni. Alphonsine aliipapasa ile wax mara ya mwisho, mtindo mzuri kusema kweli, akaiweka. Geert alimwachia Noé namba yake, akasema mikono haiozi.

Baadaye, vyombo vikioshwa, Papa Numbi alivaa miwani akaketi na mwanawe mbele ya kompyuta waijibu Iowa. Barua kwa chuo, alisema, haiandikwi hovyo. Alianza kutoa imla kwa Kifaransa cha Lubumbashi, mkono mmoja mgongoni: kwamba ana heshima kubwa ya kuwafikia, kwamba amepokea kwa furaha isiyo na kifani barua yao ya tarehe tajwa hapo juu, kwamba, baada ya tafakuri ya kina...

"Papa."

"Ngoja, niko ku formule de politesse, maneno ya heshima."

"Nilisha kutuma."

Papa Numbi aliinama kwenye kioo. Ulikuwa mstari mmoja: Ndiyo, ninakuja kudaka. Noé.

Aliusoma mara mbili, akitafuta mahali pa kuweka koma. Hapakuwepo. "Ni fupi," alisema, akavuta kiti akakaa karibu naye, wakaanza kutazama picha za mahindi.