Dobi Anajifunza Kunoa

Dobi alinunua kinoo siku ileile mkewe aliporudi kutoka zahanati bega likinuka dawa ya kuchua. Mama, ndivyo dobi alivyomwita mkewe, alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, mwaka wake wa kumi na tisa, na daktari hakumung'unya maneno: akiendelea kukandamiza kisu kwa nguvu hivyo, jiko ataliaga mwaka huuhuu.

"Si bega, ni kisu," mama alisema, akikitupa mezani. "Butu kama kijiko. Huko kazini tunanoa kwenye ngazi ya saruji!"

"Niachie mimi," dobi akajibu.

Mama aliguna. Alimjua mumewe. Tangu magoti yamstaafishe kupiga pasi, kila kitu asichokijua kilimnyima raha mpaka akichungulie ndani. Redio ya sebuleni alikwisha kuifungua mara tatu, na mara zote tatu skrubu moja ilibaki mezani.

Siku ya kwanza kinoo kilimponyoka kikaenda chini ya kabati. Akakiwekea kitambaa kibichi chini, kikatulia. Siku ya pili kisu ndicho kilichokataa kutulia. Mara kimelala, mara kimeinuka, na ubavu wake ukajaa michubuko kana kwamba umekwaruzwa na paka. Lakini mzee hakukasirika, maana maswali yalimjaa kichwani. Mbona maji yanageuka meusi? Mbona karibu na kipini kinakata na nchani hakikati? Akachukua ule wino wake wa kutilia alama nguo za wateja, akapaka makali yote, akanoa kidogo, akatazama. Karibu na kipini wino umetoka. Nchani upo vilevile, unamcheka. Kumbe akifika nchani mkono wake huinuka! Alifurahi kugundua kosa lake kuliko wengine wanavyofurahi kusifiwa.

Kisu kikakata kidogo, kisha kikagoma. Kuuliza si ujinga. Akaenda kwa fundi viatu wa barabarani, ambaye kisu chake hupita kwenye soli kama kwenye mkate.

"Unaacha mapema, mzee wangu," fundi alisema. "Noa upande mmoja mpaka chuma kijikunje kidogo upande wa pili. Ndipo ugeuze. Gusa hapa, taratibu. Unakisikia hicho kijikunjo?"

Dobi akapitisha kidole gumba. Hakusikia kitu.

"Ee, nakisikia," akasema.

Huo ulikuwa uongo, na wala haukuwa mpya. Miaka thelathini ya kulamba kidole na kugusa pasi ya moto ilikuwa imeziua ncha za vidole vyake vyote, na ganzi ikapanda hadi kiganjani. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Nani angempelekea suti yake dobi asiyesikia moto? Kazi ikaisha, siri ikabaki kwa mazoea tu.

Basi nyumbani akawa ananoa kwa kubahatisha. Jumatatu mama alikwenda na kisu kazini, akarudi ameshika bega.

"Kimejitahidi," alisema.

"Kisu au mimi?"

"Wote wawili." Akaketi, hata viatu hakuvua. "Baba, Ijumaa nampa msimamizi barua ya kuacha kazi. Nimechoka kuumwa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na hilo ndilo lililomuuma dobi zaidi. Alijua mkewe anavyolipenda lile jiko, kelele zake na wale wanawake wenzake. Siku tatu alinoa kwa hofu. Alhamisi jioni akafuta kisu kwa kipande cha satini, bitana ya koti kuukuu. Kitambaa kikanasa: *krr*.

Akaganda. Sauti hiyo ilimtoa jasho miaka thelathini, sauti ya uzi wa mteja kukwama kwenye kitu kidogo chenye ncha. Akafuta upande wa pili, kikateleza kimya. Akarudia wa kwanza. *Krr.* Kijikunjo hicho! Akageuza kisu, akanoa, akafuta, akasikiliza, mpaka satini ikapita pande zote mbili bila neno.

"Mama, njoo na nyanya!"

Mama aliweka kisu juu ya nyanya, akajiandaa kukandamiza kama kawaida yake. Hakuwahi. Nusu mbili zilikuwa zimelala kando. Akakata nyingine, na nyingine, nyanya za kesho zote, huku akicheka.

"Barua siandiki," akasema. Kisha akaona satini. "Na hiki cha nini? Fundi viatu si alisema kidole?"

Dobi angeweza kudanganya tena. Alichoka.

"Vidole vyangu havisikii, mke wangu. Tangu kitinda mimba wetu anaanza shule."

Kitinda mimba wao ana watoto wawili sasa. Mama akafuta mikono, akamshika ncha za vidole, akabonyeza.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa je?"

"Hapana."

Akapanda polepole, akavuka kiganja, akafika kwenye kifundo cha mkono.

"Hapo," dobi akasema. "Hapo nakusikia."

"Wewe mwanamume!" Macho ya mama yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa amekasirika kweli. "Tukienda msibani, tukienda hospitali, nakushika vidole. Miaka yote hiyo nabisha hodi nyumba haina mtu!"

Lakini mkono hakuuondoa.