Mtu wa Ndani ya Debe

Mjomba wangu alikuwa akionekana na nchi nzima kila Jumamosi jioni, na hakuna aliyemjua hata kwa sura. Jambo hili lilinikera tangu utotoni na linanikera hadi leo. Anayetaka habari za Rubani, shujaa wa kipindi chenyewe, zenye sifa tupu akatafute kwingine, zimejaa tele.

Wakati huo Mjomba alikuwa seremala katika kituo cha televisheni. Kazi yake ilikuwa kujenga kuta zisizo na nyumba nyuma yake, na ngazi za kupandia ghorofa ambazo hazipo. Siku moja mwongozaji wa vipindi akamwambia kuna mchezo mpya. Mwanamume mmoja anarusha chombo angani, anatoka sayari hii kwenda ile, na anahitaji mwenzake wa safari, mtu wa bati. Mjomba akakata bati, akalikunja, akalifunga kwa skrubu. Hakuwa na mwili wa kupimia ila wake, basi akapimia huo huo. Kwenye macho akatia taa mbili nyekundu, zikapendeza mno.

Siku ya kujaribu akaletwa mwigizaji aliyekuwa ameajiriwa, kifua kikagoma kuingia. Akaletwa wa pili, mabega yakabaki nje. Mwongozaji akamgeukia fundi akamwambia aingie yeye. Mjomba akaingia, bati likamkaa kama ngozi yake, ndipo akagundua alichosahau. Penye macho palikuwa na taa. Hakuacha tundu lolote la kuonea, na mle ndani kulikuwa giza totoro.

Alitaka kutoboa papo hapo. Mwongozaji akakataa, akasema picha zimeshapelekwa magazetini na taa zile ndizo uzuri wenyewe. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila hawakusema kwamba atakaa humo miaka saba.

Yule mtu wa bati walimwita Debe. Shujaa aliitwa Rubani, na mwigizaji wake, mwanamume mrefu mwenye sauti nzito na meno mazuri, alizoeleka kwa jina hilo mpaka mkewe naye akawa anamwita Rubani. Ni yeye aliyepewa kazi ya kumwongoza kipofu wa ndani ya bati. Mwongozaji aliwapangia hivi: Rubani atembee nusu hatua nyuma, kiganja kikiwa mgongoni mwa Debe. Akigonga mara mbili, tembea. Akigonga mara moja, simama.

Watazamaji wakauona mkono ule, roho zikawalainika. Wakasema hakuna wanaopendana kama Rubani na Debe. Wake wakawaambia waume zao wajifunze kwa Rubani namna ya kumshika mwenzi wa safari. Ukweli ni kwamba mkono ule ulikuwa kazi. Bila huo, Debe angejipigiza ukutani mbele ya taifa zima.

Nilimuuliza Mjomba mara nyingi kama walikuwa marafiki. Jibu lake lilikuwa moja, kwamba walikuwa kazini. Hawakuzungumza. Hata sauti ya Debe haikuwa ya Mjomba, ilikuwa ya fundi wa sauti aliyekuwa akiongea huku ameingiza kichwa kwenye ndoo. Kurekodi kukiisha Rubani alitoka nje, watu wakamzunguka wakitaka kumshika mkono, na Mjomba alibaki amesimama gizani akisubiri mtu akumbuke kumfungua skrubu za mgongoni. Siku nyingine walimsahau mpaka wafagiaji waje.

Halafu akaanguka. Walikuwa wamejengewa jukwaa la juu, lililopakwa chokaa lionekane kama ardhi ya mwezini. Rubani alisahau lilipoishia, akagonga mara mbili. Mjomba akatembea, akashuka na bati lake mpaka chini, nyonga ikavunjika. Alilala hospitali muda mrefu na tangu hapo anachechemea. Rubani hakuja kumwona. Hata chungwa hakutuma, na mama yangu hakumsamehe mpaka anaingia kaburini.

Lakini Mjomba anasimulia jambo lingine. Siku aliyorudi kazini, walipokuwa wakitembea, alihisi kiganja kikigonga mara tatu. Hawakuwa wamepangiwa hivyo. Akasimama, akapapasa kwa ncha ya kiatu, kumbe mbele yake kuna kidato. Tangu siku hiyo mara tatu ikawa na maana: angalia, mbele si salama. Rubani aliitunga mwenyewe na hakuieleza kwa maneno. Mjomba aliponihadithia haya uso ulimng'aa, nami nikakasirika. Nikamwambia kuomba radhi kuna midomo.

"Wengine midomo yao iko mkononi, mama," akasema.

Sawa. Ila midomo halisi Rubani alikuwa nayo, na aliitumia. Kila mwandishi wa habari alimuuliza swali lile lile, ndani ya Debe kuna nani? Mwongozaji alikuwa ameamuru siri isitoke kwa sababu watoto wanaamini. Basi Rubani alicheka kicheko chake akajibu, "Hamna mtu. Debe tupu." Watu wakafurahi. Kipindi kikaja kuisha, mwongozaji akafariki, watoto wale wakaota ndevu, na Rubani akaendelea na jibu lake. Mjomba alikuwa ameshaacha kituo, amefungua karakana ya kutengeneza makochi. Alikuwa akipigilia kitambaa, redioni Rubani anahojiwa, swali linafika. Mjomba alikuwa akishusha nyundo na kusikiliza. Debe tupu. Kisha alipunguza sauti akaendelea na kochi.

Hicho tu ndicho alichokitaka duniani, na nakisema kwa sababu yeye hakukisema waziwazi hata mara moja. Alitaka Rubani, si mtu mwingine, aseme kwamba mle ndani mlikuwa na mtu. Nilimshauri ajitokeze mwenyewe. Akaniambia akijisemea, watu watasema debe tupu haliachi kuvuma, na watakuwa wamepata kichekesho kipya.

Miaka ikapita. Mimi nikawa msusi, nikafungua saluni karibu na karakana yake ili niwe namwangalia, kwa kuwa mke hakuoa na kula alikuwa anasahau. Siku moja televisheni ya saluni ikatangaza kipindi maalumu cha kuwakumbuka Rubani na Debe, wote wawili jukwaani. Nikavua aproni, nikaenda kituoni kwa miguu yangu. Mpokea wageni alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Akasema Debe mpya ameshatengenezwa, na ndani ataingia mwalimu wa mazoezi ya viungo, mtu hodari sana. Akaongeza, kama mtu anayenipa habari njema, kwamba huyu wa sasa ana matundu ya macho.

Mjomba nilipomweleza hakulalamika. Alisema tu kwamba basi Rubani hatakuwa na kazi ya mkono.

Kipindi kilirushwa Jumamosi alasiri. Nilikuwa na mteja kichwa kimesukwa upande mmoja, na Mjomba amekaa kwenye kiti cha nyuma, chini ya kofia ya kukaushia nywele. Pazia likafunguka. Rubani akatokea amevaa miwani myeusi, amekonda, suti inampwaya, kiganja kiko mgongoni mwa Debe. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mjomba akainama mbele. Alikuwa anatazama miguu, si uso.

"Haoni," akasema.

Na kweli. Yule mzee alikuwa akipapasa sakafu kwa kiatu kabla ya kukanyaga, jinsi Mjomba alivyokuwa akifanya zamani. Baadaye mtangazaji alieleza kwamba ugonjwa wa sukari ulimnyang'anya macho. Sisi hatukujua, kwenye redio macho ya mtu hayasikiki.

Rubani akagonga mara mbili mgongo wa bati. Debe alikuwa anawapungia watazamaji, hakusogea. Akagonga tena mara mbili. Debe akageuka, akacheza kidogo kwa madaha, watu wakashangilia, kisha akaenda zake mbele kwa macho yake mazima. Mkono wa Rubani ukabaki hewani. Mzee wa watu akasimama katikati ya jukwaa, kiganja kimenyooshwa, hajui mbele ni wapi.

"Huyu siye," akasema Rubani.

Mtangazaji akacheka, akamuuliza siye nani.

"Siye Debe. Debe alikuwa na mtu ndani. Niitieni yule mtu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walidhani ni mzaha wa zamani umegeuzwa. Mtangazaji akamsifu mzee wetu kwamba ucheshi hajaupoteza, na pakafuata tangazo la sabuni. Mteja wangu naye akacheka, nikamvuta nywele kwa makusudi.

Mjomba alikuwa akitazama lile tangazo la sabuni kwa makini, na machozi yalikuwa yakimshuka bila kuyafuta. Nilimuuliza kama amesikia. Akasema amesikia. Baadaye kidogo akaniuliza mimi kama nimesikia vizuri, neno kwa neno, na nikamrudia yote tangu mwanzo. Sijawahi kumwona mtu ana furaha na huzuni kubwa kiasi kile kwa wakati mmoja, na nilishindwa niipongeze ipi na niipe pole ipi.

Nilimwambia kesho yake twende. Akakataa, akasema haendi mikono mitupu kwa mtu asiyeona. Atamchongea fimbo. Nikaona ni jambo jema. Akatafuta mti mgumu, akauchonga, akaupiga msasa. Wiki iliyofuata mshikio ukawa mnene, akaupunguza. Kisha rangi haikumridhisha, akaikwangua. Kisha ncha inahitaji mpira. Makochi ya watu yalilala matumbo wazi, na yeye yuko na fimbo. Nilikuwa nampelekea chakula, namkuta ameipakata.

Mwishowe nikachoka, nikamwambia asinifanye mjinga, fimbo gani inachongwa kama mlango wa ikulu. Aende hata na kijiti. Akapitisha kidole kwenye mshikio.

"Hajawahi kuisikia sauti yangu, mama. Akiniuliza wewe nani, nimjibu nini?"

Hasira yote ikanitoka. Nikamwambia asijibu kitu. Afike, amgeuzie mgongo, auchukue mkono wa mzee auweke pale pake. Mwenyewe atajua. Mjomba akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama afariki, akasema kweli wasusi mna akili. Tukapanga Jumapili. Nikampigia pasi shati jeupe.

Ijumaa asubuhi redio ikatangaza kwamba Rubani amefariki.

Nilikimbilia karakanani na aproni yangu. Nilimkuta amekaa kwenye kochi la mteja lisilo na kitambaa, juu ya springi tupu, fimbo mapajani. Nikamshika bega. Hakuniangalia.

"Ilikuwa tayari tangu wiki ya kwanza," akasema.

Mazishini watu walikuwa wengi. Kituo cha televisheni kilikuwa kimemleta Debe mpya, wakamsimamisha kwenye ukingo wa kaburi ameinamisha kichwa, taa nyekundu zinawaka mchana kweupe. Watu wazima wazima walikuwa wanapiga naye picha. Mjomba alivaa lile shati jeupe. Alikuja akiegemea ile fimbo, maana nyonga inamsumbua siku za baridi, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani wa marehemu. Niliona aibu kwa niaba ya watu wote wale.

Jeneza lilipotoka garini wanaume walikuwa wanapokezana. Mjomba akanipa fimbo nimshikie, akaingia nyuma kabisa, akachukua nafasi ya mtu aliyechoka. Kwa kimo chake, pale alipokuwa, alikuwa haoni mbele hata kidogo, ubao tu na kisogo cha mwenzake. Akatembea hivyo akichechemea mpaka mwisho wa njia. Wakaliweka jeneza juu ya magogo yaliyolazwa kwenye mdomo wa kaburi, wenzake wakarudi nyuma kupisha kamba.

Yeye hakurudi. Aliinama, akaweka kiganja juu ya ubao, akakiacha hapo kidogo. Kisha akagonga mara tatu.

Mpiga picha wa kituo akamgusa begani. "Mzee, sogea kidogo, unamziba Debe."

Mjomba akasogea.

Tuliporudi alitembea pembeni yangu mpaka tukakaribia saluni. Fimbo alikuwa ameichukua mkononi mwangu pale kaburini akaiacha kwenye lundo la udongo, na sikumuuliza habari zake. Nilimuuliza tu kwa nini aligonga vile, mtu ameshakufa.

"Mbele yake kulikuwa na shimo," akasema. "Na yeye haoni."