Minago: Kiwanda ambako sabuni ikikatika, mpishi hupaza sauti

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya milima, na Dismasi tayari anajifuta jasho. Moto wenyewe haujakolea. Mbele yake kuna pipa la chuma lililokatwa nusu, ndani mawese mekundu yanaanza kutoa mvuke. Ameshika mwiko mrefu kama kasia. Ana miaka 57, amekata miche ya sabuni ujana wake wote katika kiwanda hiki kidogo cha Minago, na leo anapika kwa mara ya kwanza.

“Mama Irakoze, mukono yangu inatetemeka,” anasema.

“Wacha itetemeke, Muzee. Mawese haiioni,” anajibiwa, na uwanja mzima unacheka.

Anayemjibu ni Speciosa, 42, ambaye wote hapa humwita Mama Irakoze, mpishi mkuu wa sabuni. Ndiye aliyetutoa Bujumbura kabla hakujapambazuka, tukapita Kabezi na Muhuta, kuja kushuhudia jambo ambalo tulipoambiwa hatukuliamini: kiwanda ambamo mkataji anafundishwa kupika, mchochea moto anafundishwa kuchanganya soda kali ya kupikia sabuni, na anayeharibu hafukuzwi. Anaulizwa ameona nini.

Lakini leo jambo hilo zuri liko matatani. Mwenye kiwanda, Pontiani, amechoka kuona mafuta yake yakiharibika mikononi mwa wanaojifunza. Wiki iliyopita alitoa neno: pipa la Dismasi likiharibika, mafunzo yamekwisha. Ataajiri fundi mmoja kutoka mjini, na wengine wote warudi kukata na kufunga.

“Mama Irakoze namuheshimu sana,” anatuambia. “Lakini mawese iko bei. Hapa iko usine ya sabuni, haiko ekole ya kufundisha watu.”

Speciosa anamsikia, anatabasamu, anaendelea kufunga glavu zake. Ni mwanamke mfupi, mwepesi, na akizungumza mikono yake haikai. Alikulia katika kambi za wakimbizi za Kigoma, akarudi Burundi mwaka 2012 akiwa na mume, watoto na Kiswahili chake. Kiwandani hapa alianza kama mkataji, kwa faranga elfu tano kwa siku. Leo kama mpishi anapata elfu tisa, na hafichi kwamba bado hazitoshi.

Siku hizo alipokuwa akianza kulikuwa na neno moja lililotawala hapa: jicho.

Sabuni ina tabia ya kukatika. Mafuta hujitenga na maji ya soda, na badala ya uji mzito unaopendeza, mpishi hujikuta anakoroga mabonge. Kila ilipokatika, hakuna aliyeulizwa moto ulikuwaje au soda ilimwagwa vipi. Kuna mtu kapita, kaangalia, kaiharibu kwa jicho lake. Basi pipa lilizungushiwa makuti, wageni walifukuzwa, na mpishi akabaki msafi kama malaika.

Siku moja jicho hilo likawa la Speciosa. Alipita karibu na pipa akienda kuchota maji, sabuni ikakatika. Alirudishwa nyumbani wiki mbili bila malipo.

“Nililia mpaka nikachoka,” anasema. “Halafu jirani akaniletea habari: sabuni imekatika tena! Mimi niko shambani napalilia mihogo. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Jicho langu iko huku kwa mihogo, sasa kule imeharibu nani?”

Kicheko hicho ndicho kilichombadilisha. Aliporudi alianza kuuliza maswali, na mpishi wa wakati ule akamwambia mikono ya kukata haifai kupika. Mtu huyo alipohamia kwingine, Speciosa akaomba zamu. Pipa lake la kwanza likakatika. La pili likakatika vibaya zaidi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Badala ya kuuzika mchangani ule uozo, jambo lililokuwa kawaida hapa, alikata mche mmoja mbaya akauweka mezani wenzake wanapokunywa chai. Wakaupasua, wakaunusa, wakabishana. Pipa la tatu likatoka zuri. Tangu siku hiyo mche ulioharibika ndio mgeni wa heshima wa chai ya saa nne.

“Mutu akificha kosa, kesho tutalirudia sisi wote,” anasema. “Akilileta mezani, ametufundisha bure.”

Généreuse, mchochea moto aliyevuka ziwa kutoka Fizi, Kivu Kusini, anasema mwanzoni alidhani ni mtego. “Kule nilizoea, patron, mwenye kazi, akikuja unaficha. Huku nikaharibu, mama akaniuliza, ‘Uliona nini?’ Hakuna mutu aliniulizaka vile! Sasa moto naijua kuliko mutoto wangu.”

Dismasi alikataa kwa miaka. Kila alipoitwa kwenye mafunzo alikuwa na jibu lake: yeye kaumbwa kukata, kupika ni kwa wenye kichwa. Speciosa hakumbishia. Alimwuliza tu kila siku mche upi umekubali kisu vizuri na kwa nini, mpaka mzee mwenyewe akagundua kwamba anaitambua sabuni mbovu kwa kisu kabla hata mpishi hajaiona.

Turudi kwenye pipa, maana mambo yameiva.

Dismasi anamimina maji ya soda kidogo kidogo, kama alivyofundishwa. Uji unaanza kushika. Hapo pikipiki inaunguruma getini. Ni Pontiani, anakuja kujionea. Anasimama, mikono nyuma. Dismasi anamwona, na mkono unaharakisha. Soda inaingia kwa wingi. Anakoroga mara moja, mara mbili, na mwiko unakuwa mzito kwa namna isiyo ya kawaida.

Mabonge.

Kisha wafanyakazi wawili wanageuza shingo kumtazama mwandishi wa makala haya, mgeni pekee hapa, tena ana kamera. Tunakiri kwamba tulirudi hatua moja nyuma. Dismasi naye anatutazama. Jicho lipo, tayari kabisa, na limekuja na gari kutoka Bujumbura. Neno moja tu na amepona.

“Imekatika!” anapaza sauti. “Ni mimi! Nimeona patron nikamwaga soda mbio. Punguzeni moto!”

Généreuse ameshachomoa kuni kabla sentensi haijaisha. Speciosa anasogea, lakini mwiko haugusi.

“Unaona nini, Muzee?”

“Mabonge. Maji ya soda imekaa chini.”

“Inataka nini?”

Pontiani anafungua kinywa. Speciosa anainua mkono bila kumtazama: “Patron, murakoze, asante, subiri.”

“Soda imezidi,” anasema Dismasi. “Tuipe maji ya moto. Kidogo kidogo. Na vipande vya sabuni ya jana, vishikamanishe.”

“Ego, ndiyo! Fanya.”

Maji yanaingia. Vipande vinaingia. Mzee anakoroga, mgongo umeinama, shati limegandamana mwilini. Kisha mabonge yanalegea. Yanakuwa madogo, yanapotea, na uji unarudi, mzito, laini, unang’aa! Speciosa anadondosha tone kwenye sahani. Linatulia. Halitoi jasho la mafuta.

“Mana yanje! Mungu wangu!” anapiga kelele Généreuse, na vigelegele vinapasuka mpaka wavuvi walioko ufukweni wanageuka kuangalia. Watu wanamkumbatia Dismasi na glavu zake na kila kitu. Nasi tumefurahi, hatuoni aibu kusema, tumefurahi kama tulioponea kesi.

Angenyamaza kidogo tu, pipa zima lingemwagwa kwenye kalibu ya kugandishia na kugeuka takataka. Pontiani analijua hilo. Anaizunguka sabuni, anainusa, anarudi.

“Fundi wa mujini angeniambia imekatika, nikiwa nimesimama hapa?” anauliza, kisha anajijibu kwa kutikisa kichwa. “Hapana. Mafunzo iendelee.”

Speciosa si mtu wa kuacha chuma kipoe. Papo hapo anatoa ombi: anataka kiwanda kitengeneze sabuni ya kuogea kwa mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa ya mchikichi.

“Unajua kuipika?” anauliza Pontiani.

“Sijui. Jumatatu nitaanza na sufuria ndogo. Nitaharibu kidogo kidogo mbele ya wote mpaka itoke.”

Pontiani anakuna kichwa. “Mama Irakoze, hapa hakuna hata mumoja anaijua hiyo kazi.”

Dismasi, anayemimina sabuni yake kwenye kalibu kwa uangalifu wa mtu anayembeba mtoto mchanga, hainui hata uso.

“Patron,” anasema, “hata mimi jana nilikuwa sijui.”

Pontiani anaangua kicheko, kisha anamgeukia Speciosa na kumwuliza anahitaji mafuta ya mise kiasi gani.