Shahidi wa Chini ya Kitanda

Juzi, kwenye kibanda cha fotokopi, nilikuta binti anayesoma historia chuoni anachapisha kazi yake ya mwisho. Ilipaswa kumfikia direktere wake, mwalimu anayeisimamia, kabla ya saa sita, la sivyo angerudia mwaka. Kando yake alisimama mama mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, aliyekimbia vita kutoka mji wa Kiwanja. Alikuja kuona jina lake lilivyoandikwa chini ya ukurasa.

"Nisomee," mama akasema.

"'Askari mia mbili waliingia Kiwanja asubuhi.' Na hapa chini ni jina yako, mama. Shahidi."

Mama akafunika karatasi kwa kiganja, kama mtu anayezuia nzi kwenye sahani. "Mia mbili? Nani alibahesabu?"

"Si ni weye ulisema walikuwa wengi?"

"Wengi nilisikia kwa jirani. Miye nilikuwa chini ya kitanda. Niliona viatu, pea tatu. Andika vile."

"Mama, direktere atanicheka!"

"Acheke. Nyumba niliacha, mbuzi niliacha. Ni jina tu nilikimbia nayo. Usiibebeshe askari wa bure."

Binti akatazama saa, akarudi kwenye kompyuta, akafuta, akaandika: viatu, pea tatu, vilivyoonwa kutoka chini ya kitanda. Akachapisha upya, akatoka mbio.

Msomaji, mimi nimesimulia vita vyetu katika harusi zote za mji huu, kila mara nikiwa katikati ya barabara, risasi zinanipisha. Leo nataja chanzo changu: nilikuwa chooni, na mlango niliukaza kwa mgongo.