Nondo Aliyekunjwa Ndani ya Shuka

Dobi wa hospitali ile tulimwita Mama Kamba, na jina lenyewe alilipenda. Kazi yake ni mashuka: kuyafua, kuyaanika, kuyakunja na kuyapeleka wodini. Kamba zake zimefungwa uani, kutoka ukuta wa jikoni hadi kwenye ua wa miti nyuma ya choo. Pale kuna taa kubwa inayowaka mpaka kuche. Mashuka meupe yakilala chini ya mwanga ule, nondo huja kama walioletewa kadi ya mwaliko.

Nilimfahamu kwa sababu ya binti yangu. Alikuwa mjamzito, na mimba iliyotangulia ilikuwa imeharibika. Safari hii daktari alimlaza na kumwambia asishuke kitandani ila kwa lazima, mpaka mtoto akomae. Mimi nilikuwa nikifika mapema na chupa ya chai, mlango wa wodi ukiwa haujafunguliwa, nikakaa kwenye benchi la uani. Mama mwenye mgonjwa macho yake hayatulii. Yangu yalimwangukia Mama Kamba.

Hakuanua shuka hata moja kabla ya kupitia kamba zote. Akimkuta nondo ameshikilia kitambaa, aliweka kidole mbele ya miguu yake, akamgusa nyuma kidogo kwa kidole kingine, nondo akapanda mwenyewe. Kisha alimpeleka kwenye majani ya ule ua wa miti, upande wa kivuli. "Haya bwana," anamwambia, "kumekucha. Nenda kalale, na mimi nitafute riziki."

Wengine walikuwa vipepeo wadogo wa taa tu, si wa kusimuliwa. Lakini wapo waliokuwa wapana kama kiganja, rangi ya majani makavu. Ukimgusa mmoja wa hao, hukunjua mabawa ya mbele, na chini yake yanatokea macho mawili makubwa, meusi katikati, yamezungukwa na pete ya njano. Mara ya kwanza nilirudi nyuma nikamwaga chai.

"Dada, huogopi?" nikamuuliza. "Wanasema unga wake ukiingia machoni unapofuka."

"Ungekuwa unapofusha, leo ningeanua mashuka kwa kupapasa. Hayo macho ni ya kuwatisha ndege. Na wewe naona umo."

Tangu hapo tukawa tunaongea. Aliniambia dume ana vipapasio vipana kama manyoya, na kwa vipapasio hivyo hunusa jike aliye mbali sana, gizani, akamfuata mpaka alipo.

"Kwa hiyo huyu anaposa kwa pua," nikasema.

"Na hakosei nyumba! Marehemu mume wangu alikuwa na macho mawili mazima, na siku ya kuja kunioa akapotea njia."

Alijua mengi kwa kutazama tu. Kuna mwaka alichukua kiwavi mnene kutoka kwenye ua, akamfuga ndani ya ndoo iliyotoboka, akimletea majani kila asubuhi mpaka akajisokotea nyumba yake ya nyuzi. Baadaye alitoka akiwa na mabawa yaliyosinyaa kama nguo iliyokamuliwa, akaning'inia ukingoni mwa ndoo mpaka yakanyooka. Lakini lililomgusa moyo zaidi ni kwamba nondo hao wakubwa hawali. Chakula walikimaliza walipokuwa viwavi. Wakishapata mabawa, hata mdomo wa kulia hawana. Huishi siku chache, wakaoana, jike akataga, basi.

"Ndiyo maana simfukuzi kwa ufagio," alisema. "Mwenye siku chache humharakishi."

Nikamuuliza kuhusu yale yasemwayo. Akacheka. Kwao, bibi yake alisema nondo wa macho ni marehemu wa ukoo amekuja kusalimia. Jirani zao walisema analeta habari ya mgeni. Ukweni wakasema anakuja kuchukua mtu.

"Na wewe unaamini lipi?"

"Bibi yangu nilimpenda, kwa hiyo nikimwona nondo namsalimia. Hayo ya kuchukua watu nimewaachia wakwe."

Basi asubuhi moja mvua ilikuja bila hodi. Nilimwona Mama Kamba akikimbia kwenye kamba, akiyavuta mashuka mawili mawili, akiyakunja huku anaenda. Nilikuwa wodini tayari wakati nesi alipokuja kumbadilishia binti yangu shuka. Alilikunjua kwa kulipiga hewani, kama wafanyavyo siku zote, na kitu kikaanguka juu ya tumbo la mwanangu. Kikatambaa. Kikafungua macho.

Alipiga kelele, akashuka kitandani. Mgonjwa wa kitanda cha pili akashika kifua: "Mungu wangu! Huyo ni wa kuchukua, na hachukui mkubwa."

"Mama, twende nyumbani," binti yangu akasema. Alikuwa anatafuta viatu vyake kwa mguu. "Ametua juu ya tumbo langu. Umeona mwenyewe."

Nesi akamweleza vizuri, bila kumkaripia. Daktari akaja, akamsihi: akitoka kitandani sasa, akapanda gari na mashimo ya barabara ile, mtoto huenda asifike popote. "Ni mdudu tu, mama."

"Najua ni mdudu, daktari. Nauliza kwa nini kwangu," akajibu binti yangu.

Nilitoka mbio hadi chumba cha kufulia. Mama Kamba alikuja na mikono inadondosha maji. Tulimkuta matroni amesimama mlangoni, ameshika lile shuka kwa ncha za vidole.

"Nani alilikunja hili?"

"Mimi, matroni," akajibu mbele ya wodi nzima. Akalichukua, akatafuta pembe yake, akamwonyesha binti yangu. "Tazama huu uzi. Wa bluu. Uzi mwekundu ndio wenu, wa bluu ni wa wodi ya wanaume. Mvua ilinifukuza, nikaanua bila kupitia, nikamkunja na yeye ndani. Mashuka yenu yalikuwa mabichi, nikawaletea ya wanaume. Mwanangu, huyu hakukuchagua. Ni mkono wangu uliokosea."

Kisha yule wa kitanda cha pili akasema, "Kumbe alikuwa anaenda kwa wanaume?"

"Huko wangetokea madirishani," nesi akadakia, na kicheko kikazunguka vitandani. Binti yangu hakucheka, lakini mguu wake uliacha kutafuta viatu.

Mama Kamba aliinama, akampandisha kidoleni nondo aliyekuwa bado sakafuni. Bawa moja lilikuwa limepinda. Alilitandua shuka taratibu, na kwenye mkunjo tukaona vitone vyeupe, vimepangwa safu, vimeshikana na kitambaa.

"Hivyo ni nini?" binti yangu akauliza.

"Mayai. Amebanwa humo kama nguo sandukuni, na kazi yake ameifanya."

Binti yangu aliyatazama kwa muda mrefu, mkono juu ya tumbo. "Yataanguliwa?"

"Hilo sijui, mwanangu. Siwezi kukudanganya. Nitalitundika karibu na ua, nione."

"Shuka ni mali ya hospitali," matroni akasema.

"Nimekusikia, matroni. Nitalifua la mwisho."

Matroni akageuka kutazama dirisha. Binti yangu akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nitandikieni basi," akasema. "Lakini mlikung'ute kwanza, nikiona."

Mama Kamba alileta shuka jingine, akalikunjua mbele yake, akaligeuza upande huu na upande ule, akalikung'uta mpaka nywele zetu zikapeperuka. Ndipo mwanangu akapandisha mguu mmoja, kisha wa pili, akalalia ubavu wa kushoto kama daktari alivyoagiza. Hakuzungumzia tena kwenda nyumbani. Alilala pale mpaka siku zake zilipotimia, akajifungua mtoto wa kike mwenye mapafu mazuri, aliyelia mpaka waliokuwa wanafua nguo wakaacha mabomba yakitiririka.